Uchungu wa Jamaa Mbele ya Sheria

Wasomaji wetu, wahenga walinena ya kuwa uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi. Neno hili kila mtu alijua, wala hatudhani kwamba yuko mzee kijijini atakayelikanusha. Lakini kwa miaka mingi sheria za mataifa hazikulijua. Mtu akikamatwa na askari, akateswa au akauawa, sheria ilimhesabu yeye peke yake kuwa ndiye aliyedhulumiwa. Mama yake aliyekesha akimngoja, mkewe aliyezunguka toka lango la gereza hata lango la kambi, watoto wake waliouliza wasijibiwe, hao wote walikuwa mashahidi tu wa dhuluma aliyotendewa mwingine. Leo twataka kusimulia jinsi jambo hilo lilivyobadilika, na jinsi mahakimu walivyokuja kukiri kwamba kumnyima mzazi habari za mwanawe ni pigo kamili, kama fimbo ilivyo pigo.

Kwanza yafaa tupambanue machungu mawili. Kwetu mtu akifa, jamaa hukusanyika, maiti huzikwa, watu hukaa matanga, na siku ikiwadia matanga huanuliwa. Mke hujua ya kuwa sasa ni mjane. Watoto hujua ya kuwa ni yatima. Wazee hukaa wakagawa urithi. Uchungu haukomi siku ile, lakini umepewa njia ya kupita. Basi na tumfikiri mtu aliyechukuliwa na askari mchana kweupe, kisha wakubwa wakasema, “Hatumjui, wala hatukumwona.” Jamaa zake watafanyaje? Wakikaa matanga, pengine wanamlilia mtu aliye hai. Wasipokaa, pengine mifupa yake imo mwituni, haina wa kuizika. Mkewe si mke wala si mjane. Mlango ukibishwa usiku moyo huruka, na kukicha kazi ya kungoja huanza upya. Uchungu wa kwanza waletwa na mauti, nayo mauti humfikia kila mtu. Uchungu wa pili waletwa na watu wanaojua na wasiosema.

Tena watu hao mara nyingi hunyamaza kwa kusudi. Katika Vita Kuu ya Pili Wajerumani walikuwa wamezitwaa nchi nyingi za Ulaya ya magharibi, na wenyeji wengine waliwapinga kwa siri. Tarehe 7 Desemba 1941 ikatolewa amri iliyojulikana kwa jina la “Usiku na Ukungu.” Adolf Hitler ndiye aliyeitaka, na Jemadari Wilhelm Keitel ndiye aliyeitia sahihi. Kwa amri hiyo, washukiwa ambao hawakuweza kuhukumiwa kifo upesi katika nchi yao walipelekwa Ujerumani kwa siri, na mtu yeyote aliyeuliza habari zao hakujibiwa. Keitel alieleza sababu yake pasipo kuficha: alisema kwamba hofu ya kudumu huletwa ama kwa hukumu ya kifo, ama kwa njia itakayowafanya jamaa na majirani wasijue yaliyompata aliyekamatwa. Twaona basi ya kuwa kimya kile hakikuwa usahaulifu wa makarani. Kilikuwa silaha, nayo ililengwa kwa watu waliobaki nyumbani.

Vita vilipokwisha, wakuu wa Ujerumani walishtakiwa mjini Nuremberg. Hukumu ya mwaka 1946 iliitaja amri ile, ikasema wazi kwamba kusudi la kuwanyima jamaa habari lilikuwa kuwatia wasiwasi mioyoni. Keitel alinyongwa tarehe 16 Oktoba 1946 kwa makosa mengi, na hilo likiwa mojawapo. Walakini mahakimu wale waliutazama uchungu wa jamaa kama sehemu ya uovu wa mkosaji tu. Hawakumwita mama mmoja mbele yao wakamwambia, “Wewe nawe umedhulumiwa, nawe una haki ya kudai.” Neno hilo lilingoja miaka 37, na aliyelileta alikuwa mama wa mwalimu.

Mwalimu huyo ni Elena Quinteros, aliyefundisha watoto katika nchi ya Uruguay, Amerika ya Kusini. Mwezi wa Juni 1973 bunge la nchi hiyo lilivunjwa, jeshi likashika enzi, wala utawala huo haukukoma hata mwaka 1985. Wapinzani wake walifungwa kwa maelfu. Elena alikuwa miongoni mwa waliopinga, na mwezi wa Juni 1976 akakamatwa nyumbani kwake katika mji mkuu wa Montevideo. Siku chache baadaye, tarehe 28 Juni, askari walimchukua hata karibu na ubalozi wa Venezuela. Wao walidhani anakwenda kuwaonyesha mtu wanayemtafuta. Kumbe yeye alikuwa na shauri lake. Akaruka ukuta, akaangukia ndani ya kiwanja cha ubalozi, akapaza sauti akitaja jina lake na kuomba hifadhi.

Wasomaji wajue kwamba kiwanja cha ubalozi ni mahali ambapo askari wa nchi hawana ruhusa kuingia pasipo idhini ya balozi. Ndiyo sheria ya mataifa yote. Hata hivyo askari wale waliingia, wakamkamata, wakamburura nje, na watu wa ubalozi waliojaribu kuwazuia hawakuweza. Serikali ya Venezuela iliudhika sana, ikavunja uhusiano wake wa kibalozi na Uruguay. Lakini Elena hakurudishwa, wala haikusemwa alikopelekwa.

Basi mama yake, María del Carmen Almeida de Quinteros, akaanza kuuliza. Aliuliza miaka mitano asipate jibu. Mwaka 1981, alipokuwa akikaa Sweden, aliiandikia Kamati ya Haki za Binadamu ya Umoja wa Mataifa. Kamati hiyo ni ya watu 18, nayo huangalia jinsi nchi zinavyoutimiza Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Kiraia na Kisiasa. Mkataba ulipitishwa mwaka 1966, ukaanza kufanya kazi tarehe 23 Machi 1976, yaani miezi mitatu tu kabla ya Elena kukamatwa. Uruguay ilikuwa imeukubali, tena ilikuwa imekubali kwamba mtu aliyedhulumiwa anaweza kupeleka shauri lake kwa Kamati. Kifungu cha 7 cha mkataba huo chakataza kumtesa mtu au kumtendea kwa ukatili.

Mama yule alisema mambo mawili. La kwanza, kwamba binti yake ametekwa na kuteswa. Hilo lilikuwa shauri la kawaida. La pili lilikuwa geni: alisema kwamba yeye mwenyewe naye anateswa, kwa kuwa hajui binti yake yuko wapi, wala kama yu hai au amekufa. Hakuomba kuhurumiwa. Alidai kwamba kifungu kile kile kilichomlinda binti yake kimlinde na yeye.

Mwaka 1982 serikali ya Uruguay ilijibu kwa maneno machache. Ilisema kwamba Elena Quinteros anatafutwa katika nchi nzima tangu tarehe 8 Mei 1975, na kwamba serikali haikuhusika na tukio la ubalozini. Tafakarini jibu hilo. Mtu amechukuliwa mbele ya balozi na watu wake, mataifa mawili yamegombana kwa ajili yake, na waliomchukua wasema kwamba wao nao wanamtafuta! Kwa mama aliyengoja miaka sita jibu la namna hiyo lilikuwa pigo jingine.

Tarehe 21 Julai 1983 Kamati ikatoa uamuzi wake. Ilikuta ya kuwa Elena alikamatwa, akawekwa katika kambi ya kijeshi, akateswa. Kisha ikafika kwenye dai la mama. Ilisema kwamba inafahamu dhiki na uchungu alioupata mama kwa kupotezwa kwa binti yake na kwa kutojua mwisho wake. Kwamba mama anayo haki ya kujua yaliyompata binti yake. Na kwamba kwa ajili hiyo yeye naye ni mdhulumiwa, hasa kwa kifungu cha 7. Maneno hayo ni mafupi, lakini tangu siku ile mzazi aliyenyimwa habari za mwanawe alikuwa na mahali pa kusimama mbele ya sheria, wala hakusimama tena kwa niaba ya mtu mwingine tu.

Kamati hiyo haina askari wala gereza, na utawala wa Montevideo haukutii. Walakini mbegu ilikuwa imepandwa, nayo ikaota mahali pengine. Twataja mifano mitatu.

Mfano wa kwanza watoka Guatemala. Mwaka 1985 mwandishi wa habari wa Kimarekani, Nicholas Blake, aliuawa huko milimani na wanamgambo waliotumikia jeshi. Jamaa zake walimtafuta zaidi ya miaka saba. Wakubwa wa jeshi walikuwa wakijua, lakini waliwaambia hawajui. Hata mabaki ya mwili yalichomwa moto ili kufuta dalili. Shauri lilipofika mbele ya Mahakama ya Haki za Binadamu ya nchi za Amerika, iliyoko San José, Costa Rica, palitokea kizuizi. Guatemala ilikuwa imeikubali mahakama hiyo mwaka 1987 tu, kwa hiyo mahakama haikuweza kuhukumu mauaji ya mwaka 1985. Ingedhaniwa kwamba shauri limekwisha. Lakini mahakimu walisema kwamba kuwaficha jamaa habari kuliendelea baada ya mwaka 1987, na uchungu wao pia uliendelea. Tarehe 24 Januari 1998 waliitia hatiani Guatemala kwa uchungu huo. Angalieni jinsi haki ya jamaa ilivyosimama kwa miguu yake yenyewe, hata pale ambapo kifo chenyewe hakikuweza kuhukumiwa.

Mfano wa pili ni wa Uturuki. Mwezi wa Novemba 1993 askari walikizingira kijiji cha Wakurdi huko kusini-mashariki. Mama mmoja, Koçeri Kurt, alimwona mwanawe Üzeyir amesimama katikati ya askari, akampelekea koti na sigara. Hakumwona tena. Akaenda kwa mwendesha mashtaka na kwa wakubwa wengine, nao wakasema kwamba labda amechukuliwa na waasi. Hapana aliyefanya uchunguzi wa kweli juu ya yale mama aliyoyaona kwa macho yake. Tarehe 25 Mei 1998 Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu, iliyoko Strasbourg, Ufaransa, iliamua kwamba mama huyo ametendewa yasiyo ya utu. Iliamuru alipwe pauni 10,000 kwa ajili ya uchungu wake mwenyewe, mbali na pauni 15,000 kwa ajili ya mwanawe.

Mfano wa tatu ni mgumu zaidi, kwa sababu mwana alikuwa amehukumiwa kifo mahakamani. Katika nchi ya Belarus ilikuwa desturi kumwua mfungwa wa namna hiyo kwa siri. Jamaa hawakuambiwa siku, hawakupewa maiti, wala hawakuonyeshwa kaburi. Mama mmoja alipeleka shauri kwa Kamati ile ya Umoja wa Mataifa, na mwaka 2003 Kamati ilisema kwamba siri hiyo huwatisha na kuwaadhibu jamaa kwa kuwaacha katika mashaka, nao hawana kosa. Hapo twajifunza kwamba hata kama mtu ana hatia, mamaye hana hatia, na haki yake ya kujua kaburi la mwanawe haifutwi na kosa la mwana.

Huenda msomaji akauliza, “Je, kila anayelia anaweza kushtaki? Binamu, rafiki, jirani?” Swali hili ni la haki, na mahakimu wa Strasbourg walilijibu mwaka 1999 katika shauri jingine la Uturuki, lililoletwa na ndugu wa mtu aliyepotezwa. Walisema ya kwamba uchungu wa kufiwa peke yake hautoshi, kwa kuwa kila dhuluma kubwa huwaumiza jamaa. Lazima kuangalia ukaribu wa jamaa mwenyewe, kama ndipo mzazi na mwana. Kama jamaa aliyaona yaliyotendeka. Kama alijitahidi kutafuta habari. Na jinsi wenye mamlaka walivyomjibu alipouliza. Hilo la mwisho ndilo kiini. Serikali haihukumiwi kwa sababu mtu amelia; huhukumiwa kwa jinsi ilivyomtendea mtu aliyekuja kwake akilia. Katika shauri lile ndugu yule hakupata dai lake kwa upande huu, kwa maana mahakama haikuona kwamba mambo hayo yametimia kwake.

Sasa na tuje karibu na kwetu. Mjini Arusha iko Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyohamia huko mwaka 2007. Mbele yake lilifika shauri kutoka Burkina Faso, katika Afrika ya Magharibi. Tarehe 13 Desemba 1998 mwenye gazeti mmoja aliyesifika kwa ushujaa, Norbert Zongo, alikutwa ameuawa pamoja na wenzake watatu karibu na mji wa Sapouy, na gari lao limeteketea kwa moto. Wananchi wengi waliamini kwamba aliuawa kwa sababu ya kuchunguza mambo ya wakubwa. Uchunguzi uliburutwa miaka mingi, na mwaka 2006 shauri likafungwa pasipo mtu kuhukumiwa. Jamaa za marehemu hao wakaja Arusha.

Tarehe 28 Machi 2014 mahakama iliamua kwamba Burkina Faso haikufanya bidii ipasavyo kuwatafuta wauaji na kuwahukumu. Kisha, tarehe 5 Juni 2015, ikapima uchungu wa jamaa. Iliamuru kila mke alipwe faranga milioni 25 za Afrika ya Magharibi, kila mtoto milioni 15, na kila mzazi milioni 10. Haikuwataka wajane waje kulia mahakamani ili waaminiwe. Ilisema kwamba kwa mke, mtoto na mzazi uchungu wajulikana wenyewe. Yatosha kuonyesha cheti cha ndoa au cha kuzaliwa. Tena iliamuru uchunguzi ufunguliwe upya, kwa maana fedha haimwambii mtu nani aliyemwulia mumewe. Hivyo yale ambayo wahenga wetu waliyajua yamekuwa hukumu iliyoandikwa katika ardhi ya Tanzania.

Lakini tusidhani kwamba mlango wa Arusha u wazi kwa watu wote. Mtu binafsi hawezi kuingia moja kwa moja isipokuwa nchi yake imeweka tamko la kuruhusu. Burkina Faso ililiweka. Ndiyo sababu shauri lile lilisikilizwa. Tanzania yenyewe iliweka tamko hilo mwaka 2010, ikaliondoa mwaka 2019.

Mambo hayo yote yalikusanywa katika mkataba mmoja wa Umoja wa Mataifa wa kuwalinda watu wasipotezwe kwa nguvu. Ulipitishwa tarehe 20 Desemba 2006, ukaanza kufanya kazi tarehe 23 Desemba 2010. Kifungu chake cha 24 kinasema kwamba mdhulumiwa ni yule aliyepotezwa, na pia mtu yeyote aliyepata madhara moja kwa moja kwa sababu ya kupotezwa huko. Kwamba kila mdhulumiwa ana haki ya kuujua ukweli. Kwamba nchi yapaswa kumtafuta aliyepotea, na akiwa amekufa, kuutafuta mwili wake, kuuheshimu, na kuurudisha. Mama yule wa Montevideo angalilisoma neno hilo angaliona shauri lake mwenyewe ndani yake.

Hakulisoma. Alifariki mwaka 2001, pasipo kuonyeshwa kaburi la binti yake. Mwaka 2010 mahakama ya Uruguay ilimhukumu kifungo cha miaka 20 Juan Carlos Blanco, aliyekuwa waziri wa mambo ya nje wakati Elena alipoburutwa nje ya ubalozi, kwa hatia ya mauaji ya mwalimu huyo. Ilikuwa imepita miaka 34 tangu kutekwa kwake, na miaka tisa tangu mama yake kuzikwa. Sheria hutembea polepole kuliko maisha ya mtu, wala hatuoni faida ya kuwaficha wasomaji jambo hilo.

Basi habari hizi zatufundisha nini sisi tukaao vijijini? Zatufundisha kwamba mahakimu hawawezi kuuona moyo wa mtu. Huona aliyoyatenda na yaliyoandikwa. Mama yule wa Kikurdi alisikilizwa kwa sababu alikwenda kwa wakubwa, akauliza, na kuuliza kwake kukaandikwa. Wajane wa Burkina Faso walikuwa na vyeti vyao. Mama wa Elena aliandika barua. Kwa hiyo, mtu akichukuliwa na wenye silaha, jamaa zake waandike siku ile ile tarehe, saa, mahali, na majina ya walioona. Waende kwa mkubwa wa mahali wakaulize, na barua yao wabaki na nakala yake. Jibu wakipewa, waliandike. Wasipopewa, waandike kwamba hawakupewa. Vyeti vya ndoa na vya kuzaliwa wavitunze pamoja na hati za shamba. Na kwa kuwa wako majirani wasiojua kusoma, yatupasa sisi tujuao kuketi nao siku hiyo, tukawaandikie kwa mkono wetu.